Nani Amekula Mpunga? Jinsi Sentensi ya Kiingereza Ijengwavyo

Garsen ni mji mdogo karibu na Mto Tana, mahali ambapo barabara itokayo Malindi hugawanyika, moja ikielekea Witu na Lamu, na nyingine Hola na Garissa. Sokoni hapo hukutana Mpokomo mwenye mpunga, ndizi na maembe, na Mworma mwenye ng'ombe. Wote wawili huelewana kwa Kiswahili. Lakini waketipo kuandika barua kwa Kiingereza, kila mmoja hukosea kwa njia yake, wala makosa hayo hayatokani na uvivu. Yatokana na lugha ambayo kila mmoja aliinyonya kwa mama yake.

Sentensi ya Kiingereza, hata iwe fupi namna gani, husimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni kiima, yaani mtu au kitu ambacho habari zake zinasemwa. Ya pili ni kiarifa, yaani habari yenyewe. Ndani ya kiarifa hapana budi pawe na kitenzi, na mara nyingi kitenzi hicho hufuatwa na yambwa, yaani mtendewa. Katika maneno haya, "The cows ate the rice", ng'ombe ndio kiima, "ate" ni kitenzi, na mpunga ni yambwa.

Jambo hili laonekana jepesi, lakini ugumu wake umo katika mpango wa maneno. Mswahili akisema, "Mto ulilifunika shamba," aweza pia kusema, "Shamba mto ulilifunika," na maana isipotee, kwa kuwa "u" ni ya mto na "li" ni ya shamba. Kitenzi kimewabeba wote wawili mgongoni. Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili, nacho hufuata njia hiyo hiyo; sarufi yake iliandikwa tangu miaka ya 1890 na Ferdinand Würtz, mmisionari Mjerumani aliyekaa Ngao. Kiingereza hakibebi mzigo namna hiyo. "The river covered the farm" ni habari ya mafuriko. Geuza majina yale mawili, useme "The farm covered the river", na shamba ndilo limeufunika mto, jambo ambalo hata mafuriko makubwa ya 1961 na ya 1997 hayakumwonyesha mtu yeyote.

Zamani Waingereza nao walikuwa na miisho ya maneno iliyoonyesha nani mtenda na nani mtendewa. Miisho hiyo ilipopotea katika Zama za Kati, mahali pa neno ndipo palipobaki kuwa alama. Masalio yake machache yangaliko: "he" ni mtenda, "him" ni mtendewa.

Basi Mpokomo, aliyezoea kitenzi chenye kiambishi cha mtenda, huandika "My brother he sold the boat", akimtaja nduguye mara mbili. Au huandika "Is raining", akiacha kiima, ilhali Mwingereza hudai "it" hata mahali ambapo "it" si kitu wala si mtu. Mworma ana shida nyingine kabisa, kwa maana katika lugha yake kitenzi huja mwisho, nyuma ya yambwa. Hivyo huandika "I the cow sold". Na wote wawili husahau "is": "Baba mgonjwa" ni Kiswahili kizuri, lakini "My father sick" si sentensi.

Makosa hayo karani wa ofisi atayaelewa. Liko moja ambalo halina kosa la sarufi, nalo ndilo la kuangaliwa zaidi. Mkulima huandika, "The rice was eaten." Sentensi ni kamili, ina kiima na kitenzi, na mwalimu hawezi kuikata kwa wino mwekundu. Lakini mlaji hayumo! Mtendewa amekalia kiti cha kiima, na mtenda ametoweka. Afisa asomaye hana budi kuuliza: Ng'ombe? Viboko? Ndege? Katika nchi ya Tana swali hilo si la mchezo, kwani mapigano ya wakulima na wafugaji wa delta katika mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 yaliua watu zaidi ya 100. Aliyewaona ng'ombe na aandike "The cows ate the rice". Asiyeona kitu ila mabua asubuhi, "was eaten" ndiyo kauli yake ya haki, maana akiongeza "by the cows" amekwisha kushitaki.

Ikumbukwe kwamba tangu Katiba ya 2010 Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi zote mbili, wala hakuna aibu kuandika kwa Kiswahili. Lakini atakaye Kiingereza na aongeze wakati na mahali, akijihadhari asivitie kati ya kitenzi na yambwa. "The cows ate on Monday the rice" huchechemea masikioni mwa Mwingereza. Siku iwekwe mwanzo, na mahali mwisho: "On Monday night the cows ate the rice in my field."