Leja Iwe ya Mwisho Kuhama

Katika biashara za Kiirua, Meru nchini Kenya, kuanzia Sacco hadi duka la pembejeo linalowauzia wakulima wa viazi, mjadala wa kuhamishia mifumo kwenye wingu, yaani kukodi seva za kampuni nyingine kupitia intaneti, huishia kwenye swali la kuhama au kubaki. Swali zito zaidi ni nini kitangulie. Nakala za akiba zitangulie, maana zikikwama hakuna mteja anayeumia. Zifuate barua pepe na mishahara. Leja ya akiba na mikopo ihame mwisho kabisa, na hata hapo ile ya zamani iendelee kuandikwa sambamba hadi hesabu zilingane mwezi baada ya mwezi. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamia mfumo mpya wikendi moja ya Aprili 2018, wateja wote wapatao milioni 5 kwa mpigo. Takriban milioni 1.9 wakajikuta hawawezi kufikia akaunti zao, na mwaka 2022 benki ikapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Sacco ya mashinani haina kifua cha kuhimili pigo kama hilo.

Wanaopinga husema intaneti haiaminiki, na wana hoja: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, mtandao ukazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Lakini seva ya ofisini nayo hutegemea umeme, ambao Agosti 2023 ulipotea karibu nchi nzima. Kwa hiyo kaunta iwe na laini mbili za kampuni tofauti, na kitabu cha stakabadhi kisitupwe. Umbali wenyewe wa seva haunitishi; hadi 2015 mitambo ya M-Pesa ilikuwa Ujerumani, na watu walilipana vizuri tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo haikatazi kupeleka taarifa nje, ila inadai ulinzi unaothibitika.

Gharama ndiyo inayonipa wasiwasi. Ankara nyingi huja kwa dola, iliyofikia kama shilingi 160 Januari 2024 kisha ikashuka hadi kama 129 mwaka huohuo. Bajeti ipigwe kwa kiwango kibaya zaidi cha dola. Na kabla ya kutia sahihi, meneja adai kifungu cha kurudishiwa data yote katika muundo unaosomeka kwingine, kisha aijaribu nakala moja kwenye kompyuta tupu, mhasibu akishuhudia.