Sarafu ya Kichina: mupime mbele ya kulipa

Wafanyabiashara wetu wa Butembo wanaenda Guangzhou tangu miaka mingi, na wakati mwingine katikati ya mizigo kunatoka sarafu kubwa nyeupe yenye kichwa cha mwanaume munene. Huyo ni Yuan Shikai, rais wa China, na sarafu yake ilianza kutoka mwaka 1914. Mwenye kuuza anaomba pesa yenye ingetosha kulipa minervali. Mujue kwamba hii ni kati ya sarafu zenye zinaigwa sana duniani.

Wengi wanaleta sumaku. Kama inashika, ni chuma, murudishe. Kama haishiki, bado hamujajua kitu, juu shaba nayo haishiki. Mimi naamini mizani kuliko macho, na Butembo ao Beni mizani haikosi: wanunuzi wa zahabu wako nayo, ile ndogo yenye inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu.

Sarafu ya kweli ina uzito wa karibu gramu 26.7, na kama asilimia 89 yake ni fedha (madini, si makuta!). Muweke kikombe cha maji juu ya mizani, mufinye irudie sifuri. Mufunge sarafu na uzi, muizamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba yenye itatokea ni uzito wa maji yenye sarafu imesukuma. Mugawanye uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Mizani ikiandika karibu 2.6, mutapata kama 10.3: hiyo ni fedha. Ikiandika 3.0, mutapata 8.9: hapo ni shaba yenye imepakwa fedha juu. Ni Archimedes tu, yule tulikariri kwenye fizikia bila kumuona akifanya kazi.

Kuna wajanja wenye wanaiga na fedha ya kweli. Hapo maji hayasaidii. Muangalie maandishi na meno ya pembeni, mulinganishe na picha nzuri. Angalau bei ya madini inabaki.

Zile ndogo za shaba zenye tundu la pembe nne ni ngumu zaidi, juu hata ya uongo ni shaba. Ile ya mfalme Yongle yenye ilipatikana kisiwani Manda, Kenya, mwaka 2013, wanaakiolojia waliichimba wenyewe. Ya sokoni, mimi singelipa zaidi ya bei ya soda.