Kreatini, unga wa sekunde kumi

Mbweha waliouawa wakiwindwa walikuwa na kreatini karibu mara kumi ya mbweha waliofugwa. Ndivyo alivyoripoti mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1847, akahisi kwamba kitu hiki kinahusiana na kazi ya misuli. Miaka 15 kabla yake, Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa ameshakitoa kwenye nyama. (Chevreul aliishi miaka 102, bila kopo lolote la dukani.)

Leo kreatini inauzwa kama unga mweupe, na wanyanyua vyuma wengi huidhania homoni ya kuvimbisha misuli. Sivyo. Mwili wenyewe huitengeneza, takriban gramu moja kwa siku, kwa kazi ya figo na ini. Nyingine mla nyama na samaki huipata kwenye chakula. Karibu asilimia 95 hukaa kwenye misuli.

Msuli haujikunji bila ATP, molekuli inayoupa nishati, na akiba ya ATP haivuki sekunde chache za kujikamua kwa nguvu zote. Hapo huingia kreatini iliyobeba fosfati, kama jirani wa mlango wa pili anayekuazima kibiriti: inaitoa fosfati hiyo papo hapo na ATP inaundwa upya, pasipo kungoja oksijeni. Nayo huisha baada ya sekunde kama kumi. Kwa hiyo anayekimbia mita 100 au kunyanyua chuma kizito mara nane huona tofauti, ilhali mkimbiaji wa marathoni haambulii mengi. Huenda hata akabeba mzigo zaidi, kwa kuwa kreatini huvuta maji ndani ya msuli. Kilo moja au mbili zinazoongezeka wiki ya kwanza ni maji hayo, hata kama kioo kinakusifia.

Umaarufu wake ulianza mwaka 1992, watafiti Roger Harris na Eric Hultman walipoonyesha kwamba kuinywa huongeza kiasi chake misulini. Mwaka huohuo Linford Christie alishinda mita 100 kwenye Olimpiki ya Barcelona, na magazeti ya Uingereza yakamtaja miongoni mwa watumiaji. Haijapigwa marufuku michezoni.

Gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha. Baada ya wiki nne hivi msuli huwa umejaa. Gramu 20 kwa siku ambazo baadhi huanza nazo siku za mwanzo zinaharakisha tu, na wengine huharisha. Wasiokula nyama ndio hufaidika zaidi, nao wasiwe na shaka: kreatini nyingi ya madukani hutengenezwa kiwandani kwa kemikali, haitoki kwa mnyama.

Unga huu huishia kuwa kreatinini, kitu kilekile ambacho maabara hukipima kwenye damu kujua hali ya figo. Mtumiaji mwenye figo nzima anaweza kupata majibu ya kutisha, kwa hiyo amweleze daktari anachotumia kabla ya kutolewa damu. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kabla hajanunua.