Magadi Kwenye Bureti

Uchanganuzi wa kiasi ni tawi la kemia linaloshughulikia swali moja: katika sampuli hii, kitu fulani kimo kwa kiasi gani? Mwanafunzi anayeanza kozi hiyo chuoni huwa amezoea maabara za rangi na harufu, ambako chumvi ikitoa moshi wa kahawia au mashapo meupe, kazi imekwisha. Huku rangi ni ishara tu ya kufunga koki. Jibu ni namba, tena mara nyingi msimamizi anayo namba yake tayari, na alama hutolewa kwa kuangalia ya mwanafunzi imeikaribia kwa kiasi gani.

Zoezi la kale na linalofundisha mengi kwa vifaa vichache ni la kutafuta kaboneti ya sodiamu katika magadi. Kwa Afrika Mashariki sampuli yenyewe si ngeni. Ziwa Magadi nchini Kenya na Ziwa Natron nchini Tanzania yamejaa magadi, na mpishi wa maharage au mtengeneza ugoro anayajua bila kuwahi kuingia maabara. Magadi ghafi ni madini yaitwayo trona, mchanganyiko wa kaboneti, bikaboneti na maji. Kiwandani hupashwa moto mpaka bikaboneti igeuke kaboneti, huku hewa ya ukaa na mvuke vikitoka. Unga unaobaki huenda kwenye viwanda vya vioo na sabuni. Mnunuzi analipia kaboneti, wala hana haja na chumvi ya kawaida iliyofuatana nayo, kwa hiyo swali la asilimia ngapi lina fedha ndani yake.

Njia yenyewe ni fupi kuieleza. Kaboneti ni besi, na moli moja ya kaboneti humaliza moli mbili za asidi ya hidrokloriki. Ukijulikana ujazo wa asidi uliotumika na nguvu ya asidi hiyo, hesabu ya kaboneti ni ya darasa la sekondari. Gramu 0.2500 za magadi yenye kaboneti asilimia 80 zina gramu 0.2000 za kaboneti, na hizo zitahitaji mililita 37.74 za asidi ya moli 0.1000 kwa lita. Kazi yote ya maabara ni kuhakikisha kwamba tarakimu hizo nne zina haki ya kuandikwa.

Sampuli huanza kwa kukaushwa katika oveni, kisha hupoa ndani ya chombo kilichofungwa chenye kikaushi chini yake. Kupoa huku si mapambo. Kichupa chenye joto kikiwekwa kwenye mizani huipasha hewa inayokizunguka, hewa hiyo hupanda, na kichupa huonekana chepesi kuliko kilivyo. Mizani ya zoezi hili husoma hadi gramu 0.0001, yaani sehemu moja ya kumi ya miligramu, na katika kiwango hicho hata alama ya kidole ina uzito. Ndiyo maana kichupa hushikwa kwa ukanda wa karatasi. Unga haupimwi kwa kuumimina juu ya mizani. Hupimwa kichupa pamoja na unga, sehemu ya unga humiminwa kwenye flaski, kisha kichupa hupimwa tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo uzito wa sampuli, na kama mizani ilianza na kosa lake dogo, kosa hilo hujiondoa katika kutoa.

Baada ya uangalifu wote huo, maji ya kuyeyushia unga hutiwa kwa kukadiria kwa macho. Mililita 50 au 60, hakuna neno: maji hayaongezi kaboneti wala hayapunguzi. Mwanafunzi anayeinama kuyapima maji hayo kwa pipeti anastahili kuonewa huruma, maana anatumia subira yake mahali isipohitajika na pengine haitamtosha mbele. Mambo ni yale yale kwa asidi. Asidi kali ya dukani ina takriban moli 12 kwa lita. Mililita 8 na kidogo zikiongezwa maji hadi lita moja hutoa asidi ya moli 0.1, na kwa kazi hii silinda ya kawaida ya kupimia inatosha. Nguvu halisi ya asidi itajulikana baadaye, kwa kuijaribu dhidi ya kaboneti safi iliyokaushwa vizuri. Kaboneti hiyo ndiyo kipimo mama, kwa sababu hupatikana ikiwa safi sana, hudumu, na huweza kupimwa moja kwa moja kwenye mizani. Kostiki, yaani hidroksidi ya sodiamu, haiwezi kushika nafasi hiyo. Vidonge vyake hunyonya maji na hewa ya ukaa vikiwa bado vinapimwa.

Kuosha vyombo kuna kanuni inayowachanganya wengi, ingawa sababu yake ni nyepesi. Bureti husuuzwa kwa asidi yenyewe itakayojazwa humo, kwa kuwa maji yaliyosalia kwenye kuta zake yangeizimua asidi. Flaski ya sampuli husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa tu, kwa kuwa tone lolote la asidi au magadi lililobaki humo lingeingia kwenye hesabu bila kuandikwa. Pipeti nayo, pale inapotumika, huachwa imiminike yenyewe. Tone linalobaki kwenye ncha yake halipulizwi; aliyeiwekea alama alikwisha kulihesabu kuwa litabaki.

Bureti ya mililita 50 imechorwa mistari ya kila sehemu ya kumi ya mililita. Tarakimu ya pili baada ya nukta haimo kwenye kioo, hukadiriwa na jicho kati ya mistari miwili. Uso wa kimiminika umebonyea katikati, na husomwa kwenye ukingo wa chini wa bonde hilo, jicho likiwa sawa nalo. Jicho likiwa juu, kiasi kinachosomwa ni kidogo kuliko halisi; likiwa chini, ni kikubwa. Kadi nyeupe yenye mstari mweusi, ikishikwa nyuma ya bureti, huufanya ukingo uonekane wazi. Kabla ya kuanza hutazamwa chini ya koki, kwani mara nyingi hujificha kiputo cha hewa pale. Kikitoka katikati ya kazi, nafasi yake hujazwa na asidi ambayo bureti itadai imeingia kwenye flaski. Faneli iliyotumika kujazia huondolewa, la sivyo itadondosha tone lake wakati wowote ipendao.

Tone moja la bureti ni takriban mililita 0.05. Katika mililita 37.74 hiyo ni sehemu kama moja na kitu katika elfu, na hapo ndipo ulipo ukomo wa kawaida wa zoezi hili. Kama sampuli ingekuwa moja ya kumi ya hiyo, tone lile lile lingekuwa asilimia 1.3 na usahihi wa mizani ungepotea bure. Uzito wa sampuli basi hauchaguliwi ovyo: huwekwa kiasi cha kutumia sehemu kubwa ya bureti bila kulazimika kuijaza mara ya pili.

Kiashiria kinachofaa mwisho wa zoezi hili ni kijani cha bromokresoli, kinachotoka buluu kwenda manjano kati ya pH 5.4 na 3.8. Tatizo ni kwamba kaboneti ikikutana na asidi hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ikiyeyuka humo huwa asidi dhaifu inayoifanya rangi ibadilike polepole, kwa kusitasita. Dawa yake ni moto. Myeyusho ukianza kuwa kijani, koki hufungwa na flaski huchemshwa dakika mbili hivi. Mapovu hutoka, na rangi hurudi buluu mbele ya macho ya mwanafunzi aliyedhani amemaliza. Flaski hupozwa, asidi huongezwa tone kwa tone, mwishowe nusu tone linaloning'inia kwenye ncha husukumwa ndani kwa maji kidogo, na safari hii rangi hugeuka ghafla.

Magadi ghafi ya ziwani hudai viashiria viwili. Fenolfthaleini hupoteza rangi yake ya waridi kaboneti yote ikishageuka bikaboneti. Kiashiria cha pili huonyesha bikaboneti yote ilipokwisha. Kwa kaboneti tupu, ujazo wa awamu ya kwanza na wa pili hulingana: mililita 10 kisha nyingine 10. Trona ina moli moja ya bikaboneti kwa kila moli ya kaboneti, kwa hiyo awamu ya kwanza ikichukua mililita 10, ya pili huchukua 20. Bila kuona kiwanda wala ziwa, mwanafunzi anaweza kusema kama unga aliopewa uliwahi kupita kwenye tanuri.

Joto la chumba nalo lina la kusema. Vyombo vya ujazo kwa kawaida huwekewa alama kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na maabara ya Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi hufika 30 kwa urahisi. Kati ya nyuzi hizo mbili kioo hupanuka kidogo mno, lakini maji huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 0.26, kosa kubwa kuliko tone moja. Hata hivyo halidhuru ikiwa asidi ilijaribiwa dhidi ya kaboneti safi katika joto lile lile, kwa bureti ile ile na kiashiria kile kile, kwa ujazo unaokaribiana. Kosa lililo sawa pande zote mbili hufutika. Linalodhuru ni kuijaribu asidi asubuhi ya baridi na kuitumia mchana wa jua.

Kosa lisilofutika ni lile la kipimo mama chenyewe. Kaboneti safi ikiwa na unyevu wa asilimia 1, asidi itahesabiwa kuwa na nguvu kuliko ilivyo, na magadi ya asilimia 80 yatatoka 80.8 kila mara. Majibu yatakubaliana vizuri, na yote yatakuwa na kosa moja. Kurudia hakufichui kosa la aina hii. Hufichuliwa kwa kupima kitu ambacho jibu lake linajulikana.

Kurudia hufichua mtawanyiko. Wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania hufanya jaribio la awali la haraka kisha mengine matatu, na chuoni desturi ni hiyo hiyo. Tuseme matokeo ni 79.82, 79.91 na 80.03. Wastani ni 79.92 na mkengeuko sanifu ni 0.105. Namna ya kusema lolote la haki kutokana na vipimo vichache kiasi hicho ilipatikana mwaka 1908, kwa William Sealy Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin aliyeandika kwa jina la Student. Kwa vipimo vitatu na uhakika wa asilimia 95, kizidishi chake ni 4.303, na jibu huwa 79.9, kutoa au kujumlisha 0.3. Tarakimu ya nne iliyotafutwa kwa jasho imeanguka hapo. Kipimo cha nne, mtawanyiko ukibaki vile vile, kingepunguza shaka hiyo kutoka 0.26 hadi 0.17, faida kubwa kwa nusu saa ya kazi.

Kishawishi kikubwa huja namba moja inapojitenga. Tuseme ya tatu ilikuwa 80.60. Mtihani uliozoeleka hugawanya pengo lake na jirani yake wa karibu, 0.69, kwa upana wa matokeo yote, 0.78, na kupata 0.88. Kwa vipimo vitatu kiwango cha kukataa katika uhakika wa asilimia 90 ni 0.94. Namba hiyo basi inabaki, hata ikichukiza. Ruhusa ya kuitupa hutoka kwenye daftari: kiputo kilichoonekana, tone lililomwagika nje, koki iliyovuja, vikiwa vimeandikwa kwa kalamu wakati vilipotokea na kabla ya hesabu. Namba iliyotupwa hukatwa kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, na sababu huandikwa pembeni yake.