Kabla binti hajaondoka, andika

Zamani watumwa walipita hapa Tabora kwa miguu kwenda Bagamoyo. Wengi walifungwa minyororo, kila mtu aliiona. Siku hizi msichana hupanda basi akicheka. Ameahidiwa kazi ya nyumbani mjini. Akifika, hunyang'anywa simu na kulazimishwa kuuza mwili. Fedha huchukua aliyempeleka.

Sheria ya mwaka 2008 inakataza biashara hiyo. Iliunda kamati ya taifa ili polisi, uhamiaji na ustawi wa jamii wafanye kazi pamoja. Ilianzisha pia mfuko wa fedha za kuwasaidia waliookolewa. Mwaka 2022 sheria ilikazwa, ili mkosaji asilipe faini akakwepa jela.

Lakini wapelelezi wataanzia wapi kama nyumbani hakuna anayejua binti alikwenda kwa nani? Basi mwulize anayemchukua: jina lako nani? Namba ya simu? Mnakwenda mtaa gani? Andika yote. Kalamu unayo, na kuandika sasa unajua! Nakala moja mpe mtendaji wa kijiji. Mara nyingi anayekuja ni jirani, au hata shangazi. Naye mwulize vilevile. Kwa habari za mtoto, piga simu 116, ni bure.