Kabla ya Injini Kulikuwa na Kichwa

Ukifika Grogan, hiyo side ya Kirinyaga Road, jaribu kuita "Injinia!" kwa nguvu. Wasee kama kumi watageuka. Kuna mmoja hata amelala chini ya Probox, miguu tu ndio unaona, na bado atakujibu: "Sema, mkubwa!" Huyo kampo aliipitanga tu akiwa kwa mathree. Lakini gari ikikuzimia saa mbili usiku, hutamuuliza cheti.

Kazo yangu naye amesota chuo miaka tano akisoma sivil. Siku ya gradu mathe yake akaanza kumuita Injinia mbele ya wageni. Kazo akamshow pole pole, "Mathe, bado." Mathe akawaka. Yaani karo yote hiyo na bado? Eeh, bado. Hapa Kenya, sheria ya mainjinia ya 2011 haina mchezo: ukimaliza chuo, bodi inakuandikisha kwanza kama mhitimu tu. Ndio uweke hiyo "Eng." mbele ya jina, lazima uchape mboka si chini ya miaka tatu, halafu bodi ikupime na upite.

Sasa neno moja iko na wenyewe wawili, wa gereji na wa bodi. Nikasema wacha nifuate hii neno hadi ocha kwao, nijue nani aliishika kwanza.

Wengi hudhani injinia ametoka kwa injini. Zii. Hao ni masiblingi, mathe yao ni neno ya Kilatini inaitwa ingenium. Hiyo ilikuwa inamaanisha akili ya kuzaliwa nayo, ule ujanja uko ndani ya msee kabla hajafunzwa na mtu. Na venye lugha huhepa, ujanja wa kichwa ukaanza kuita hadi kile kitu kichwa imeunda.

Kuna mwandishi wa kitambo, Tertullian, msee wa Carthage, hapo Tunisia ya leo. Karibu mwaka wa 200 aliandika venye Waroma walileta gogo ya kubomoa kuta za Carthage, na wasee wa mtaa wakabaki mdomo wazi, wakidhani ni ingenium mpya ya majuu. Uchungu ni hapa: Tertullian mwenyewe anasema inasemekana Carthage ndio ilikuwa ya kwanza kuunda hiyo mashini! Walisahau kitu yao, ikawarudia kama ya wageni, ikawaangushia ukuta. Manze, niliposoma hapo niliweka simu chini kidogo.

Baadaye Ulaya, ingeniator akawa ni fundi wa mfalme. Uingereza ya karne ya 12 kulikuwa na mmoja anaitwa Ailnoth, alikuwa anachapia Henry II wera, akishughulikia majengo kama Tower of London. Wafaransa nao wakaifinyanga neno kwa mdomo yao, na ndio hiyo Waingereza walikuja kubeba. Kwa hiyo injinia wa kwanza kwanza alikuwa msee wa vita: ngome, mitambo ya kurusha mawe, mambo ya kuumiza watu. Hakuna mtu alikuwa anafikiria barabara ama maji ya mfereji.

Hiyo ilibadilika karne ya 18. John Smeaton, ule alijenga mnara wa taa wa Eddystone ukaisha 1759, alianza kujiita injinia wa kiraia, ndio watu wajue yeye si wa jeshi. Hiyo "sivil" ya kazo ni hiyo tu: raia. Chama yao ikaanzishwa London 1818. Marekani nako neno ilipanda treni, hadi leo dere wa treni huko anaitwa engineer.

Lakini hii Kiswahili ya shule, yenye tulikuwa tunaiona ngumu, ilipitia njia ingine kabisa. Mhandisi tulitoa kwa Waarabu, nao walitoa kwa Waajemi, kwa neno andaza, yaani kipimo. Kilatini ikiangalia injinia inaona kichwa. Kiajemi inaona futi kamba.

Na hapo ndio mi nasimama. Jamaa wa Grogan ako na ingenium hadi inamwagika. Amewahi kutengenezea buda yangu gari na kipande ya waya na mpira ya baiskeli, tukafika ocha na kurudi. Huyo muite Injinia bila aibu, Kilatini inamkubali. Lakini Aprili 2016 nyumba ya gorofa ilianguka Huruma usiku wa mvua, watu zaidi ya 40 wakadedi. Keja yenye nalala nadai ijengwe na msee wa kipimo, mwenye bodi inamjua kwa jina. Ujanja apeleke kwa Probox.

Kazo bado anahesabu miaka yake mitatu. Kama wewe hauna hiyo subira, panda mathree za Kinangop, ushow donda akushukishe Engineer. Ni tao kwa kaunti ya Nyandarua, na kufika hauhitaji mtihani.