Gereji Ndani ya Sanduku la Viatu



Mwezi uliopita binti ya ndugu yangu alinijia nyumbani baada ya swala ya Alasiri, uso umemsawijika. Aliketi ukumbini, akaikataa chai, kisha akasema kwa sauti ya chini ili wakeze wanangu wasisikie: "Ami, mwanangu ananusa gundi."

Kijana mwenyewe ana miaka 15. Mama yake aliingia chumbani mwake kufagia, akapigwa na harufu kali ya gundi ya viatu na thina. Chini ya kitanda akakuta makopo mawili, brashi kuukuu, wembe, na sanduku la viatu lililofungwa kwa kamba. Tangu baba yake afariki, miaka 3 sasa, kijana amekuwa mchache wa maneno, na kila baada ya Isha hujifungia mlango. Ni mzazi gani wa hapa kwetu pwani, pamoja na yote tuyaonayo mitaani, ambaye moyo usingemdunda?

Nami, kwa pupa ya watu wazima, nikamwambia avitupe vitu vyote na kijana aletwe kwangu. Nakiri mbele yenu kwamba sikumwuliza mama swali hata moja. Makopo na brashi vikaenda jaani. Sanduku hakulitupa wala hakulifungua. Alilileta kwapani pamoja na mwanawe, kama ushahidi.

Kijana alinipa shikamoo, akasimama mlangoni. Nilimwuliza anavuta nini na nani amemfundisha. Hakujibu. Nilirudia kwa ukali zaidi. Ndipo aliposema, "Babu, lifungue sanduku."

Nililifungua. Ndani mlikuwa na gereji.

Baba yake alikuwa fundi wa magari. Alikuwa na banda lake la mabati kando ya barabara, na wengi wa mtaa wetu walimjua kwa mikono yake na kwa uaminifu wake. Banda lile halipo tena. Barabara ilipopanuliwa lilibomolewa, na leo magari hupita pale alipokuwa akilala chini ya magari. Kijana aliliunda upya kwa kumbukumbu, kwa kipimo cha 1 kwa 24, yaani kila kitu kimepunguzwa mara ishirini na nne. Mlango wa mita 2.4 umekuwa sentimita 10. Gari dogo la urefu wa mita 4.3 limekuwa kama sentimita 18. Lile sanduku la viatu lenye urefu wa sentimita 33, ukilikuza mara 24, ni banda la karibu mita 8. Alikuwa amelipima sanduku kabla ya kulichagua.

Mabati ya paa aliyatengeneza kwa kopo la soda: alilikata kwa mkasi, akalilaza juu ya chanuo na kulikandamiza kwa ncha ya kalamu mpaka likatoa mikunjo ileile ya bati. Magurudumu ni soli ya ndala iliyochongwa kwa wembe. Vioo vya gari ni plastiki ya chupa ya maji. Spana, ambazo hazizidi sentimita moja, ni nyaya zilizogongwa kwa nyundo zikawa bapa. Sakafu ina madoa ya oili, meusi na yenye kumeremeta, na juu ya meza pana chupa ya chai iliyotokana na kifuniko cha kalamu. Ukutani pana msumari, na kwenye msumari imetundikwa kofia ya kiua, pana kama punje ya mahindi. Marehemu alikuwa na desturi hiyo: akiingia chini ya gari huivua kofia na kuitundika ili isishike grisi.

Gundi, basi, ilikuwa ya kubandikia soli, na thina ya kusafishia brashi. Mama yake alijiziba mdomo kwa leso. Mimi nilitafuta la kusema nisilipate, kisha nikamtaka radhi kijana. Si jambo nililozoea, kumtaka radhi mjukuu, lakini haki yake ilikuwa wazi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwuliza na kusoma, na nimefahamu kwamba kazi hii ina watu wake duniani kote na ina adabu zake. Wapo wanaounda magari kutokana na vipande vya plastiki viuzwavyo ndani ya maboksi, kila kipande kikiwa kimeshikamana na kijiti chake. Kampuni ya Tamiya ya mjini Shizuoka, Japani, ni mashuhuri kwa hayo, na ajabu ni kwamba ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao. Magari yake mengi ya aina hii ni ya kipimo cha 1 kwa 24, ilhali Wamarekani kwa desturi yao ya zamani walipendelea 1 kwa 25. Na wapo wasioridhika na gari peke yake, wakaliundia na mahali pake: gereji, kituo cha petroli, kichochoro chenye pipa la taka.

Miongoni mwao alikuwepo Mmarekani mmoja aitwaye Michael Paul Smith, aliyefariki mwaka 2018. Aliunda mji mzima wa kubuni, akauita Elgin Park, kwa magari na majengo ya kipimo hicho hicho cha 1 kwa 24. Hakuwa na jumba la kuutandazia. Alikuwa akibeba meza ndogo hadi nje, akapanga juu yake magari na nyumba, akasogeza meza mpaka miti na majengo ya kweli yaliyo mbali yakaonekana kuwa sehemu ya mji wake, kisha akapiga picha. Atazamaye huapa kwamba ni mtaa wa Marekani wa miaka ya 1950. Mji ule ulitokana na kumbukumbu zake za mahali alipokulia, katika jimbo la Pennsylvania. Si kwa kuunakili nyumba kwa nyumba, bali kwa kuirejesha hali ya pale. Niliposoma hayo nilimkumbuka kijana wetu, ambaye hajapata kumsikia mtu huyo.

Kwa wazazi watakaouliza kazi hii ina faida gani, nitataja kisa kimoja. Baina ya mwaka 1930 na 1968 kampuni ya General Motors, kwa kupitia tawi lake la Fisher Body, iliendesha mashindano ya vijana wa Marekani. Mwanzoni walitakiwa kuunda mfano wa gari la farasi la kifalme, kazi ngumu mno; baadaye wakaunda magari ya kubuni wenyewe kwa kipimo cha 1 kwa 12. Zawadi kubwa zilikuwa fedha za masomo ya chuo kikuu. Charles Jordan alipata zawadi hiyo mwaka 1947 akiwa kijana, na baadaye akawa mkuu wa ubunifu wa magari katika kampuni ile ile. Wasichana hawakuruhusiwa kushiriki, na hilo silioni kuwa la kuigwa. Mikono ya kina dada zetu inayodarizi kofia za viua, tundu baada ya tundu, kwa wiki na miezi, ingewashinda wengi wa vijana wale.

Ipo pia hila ambayo sikuitarajia. Nilimshauri kijana amwage mchanga wa pwani mbele ya banda lake, maana udongo wa pale ulikuwa na mchanga. Alicheka kwa mara ya kwanza. "Babu, chembe ya nusu milimita ukiikuza mara 24 ni milimita 12. Hiyo ni kokoto." Kwa hiyo yeye huchukua vumbi, akalichekecha kwa kitambaa chepesi. Vivyo hivyo kwa kutu: huipaka bati rangi ya kahawia, akainyunyizia chumvi ikiwa mbichi, akaacha ikauke, akapaka rangi ya juu, kisha akaisugua chumvi itoke. Pale ilipokuwa chumvi panabaki kutu, na mipaka yake imechakaa kama ya kutu ya kweli. Hakuna kitu kigumu katika kazi hii, aliniambia, kama kukifanya kitu kipya kionekane kimetumika.

Mama yake, baada ya hofu ya kwanza kuondoka, alikuja na ya pili. Je, haya si masanamu? Swali lake ni la haki na jibu lake ni jepesi. Makatazo ya kuunda sura, kwa wanazuoni walio wengi, yanahusu viumbe wenye roho. Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amridhie, alipojiwa na mtu aliyekuwa akipata riziki yake kwa kuchora, alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Gari na banda havina roho. Nikaona, hata hivyo, kwamba kijana hakumwunda baba yake, wala mtu yeyote, ndani ya gereji ile. Nilimwuliza sababu, nikidhani ni mafundisho ya madrasa. Alisema, "Yuko chini ya gari, Babu." Nilitazama. Gari limeinuliwa kwa jeki, na chini yake hapana kitu ila kipande cha boksi alichokuwa akikilalia.

Lililobaki la kuwausia wazazi ni la afya, na hapo mama alikuwa na nusu ya haki. Mvuke wa gundi ya viatu na wa thina hudhuru kweli, hata kwa mtu asiyekusudia kuunusa, na chumba kilichofungwa usiku ndipo mahali pabaya kuliko pote. Kwa karatasi ngumu na boksi, gundi nyeupe ya mbao yatosha na haina harufu ya kuumiza kichwa. Rangi za maji nazo huoshwa kwa maji ya bomba, bila thina. Wembe ukatie juu ya ubao, si juu ya paja. Na mlango uwe wazi. Tumempa kijana pembe ya barazani, penye upepo na penye macho ya watu. Maboksi ya plastiki kutoka ng'ambo ni ghali na sikuyanunua. Chanuo na makopo ya soda vinamtosha kwa sasa.

Kuhusu masomo, tumekubaliana kwamba kazi hii haianzi kabla ya daftari za shule kufungwa. Kijana ameafiki. Mama yake anamwamini zaidi kuliko mimi nilivyomwamini siku ile, na nadhani ameona kwamba mtoto anayeweza kukaa saa mbili juu ya spana ya sentimita moja hakosi subira ya hesabu.

Ijumaa iliyopita nilipita kwao baada ya Magharibi. Sanduku lilikuwa juu ya meza ya kulia chakula, na binti ya ndugu yangu ameinama juu yake na miwani puani. Kijana alikuwa ameupaka mlango wa gereji rangi ya samawati.

"Si samawati," alisema mama.

"Mama, naukumbuka vizuri."

"Samawati ni ile ya picha iliyoko ukutani, nayo ilipigwa kabla hujazaliwa. Baba yako aliupaka kijani mwaka ulipoanza darasa la kwanza. Tena mimi ndiye niliyemshikia kopo."

Kijana aliutazama mlango kwa muda mrefu, kisha akatafuta kipande cha msasa na kuanza kuikwangua ile rangi. Asubuhi yake mama alikwenda mwenyewe dukani, akanunua kopo dogo la rangi ya kijani, na brashi mbili.